Dawa dirishani, damu haikupimwa: je, tulitelekezwa?

SWALI: Wakati wa korona kliniki yetu ya CCC (ya wanaoishi na VVU) ilinipa ARV, dawa za kufubaza virusi, za miezi 3 dirishani, bila kupimwa uzito wala kuonana na mshauri. Mwaka 2021 nikapewa za mwezi mmoja tu, kwenye bahasha. Damu haikuchukuliwa zaidi ya mwaka. Wenzangu wanasema tulitelekezwa. Ni kweli? – Msomaji, Kilifi

JIBU: Dada, dawa za miezi 3 hazikuwa dharau. Aliyetulia kwenye dawa hahitaji foleni kila mwezi, na msongamano wakati ule ulikuwa hatari. Wewe hesabu vidonge tu: chupa ya 90 na tarehe ya kurudi baada ya wiki 12 hukuachia akiba ya vidonge 6. Tarehe ikizidi siku 90, sema kabla hujaondoka dirishani.

Bahasha ni habari nyingine. Mapema 2021 shehena ya ARV ilikwama bandarini Mombasa kwa mvutano wa serikali na wafadhili, kliniki zikagawa kidogo kidogo. Lakini tenofovir, mojawapo ya dawa tatu zilizomo kwenye kidonge cha TLD, haipatani na unyevu, na joto la pwani unalijua. Ikitokea tena, nenda na chupa yako tupu ya TLD, kavu, yenye kifuniko na kile kifuko cha kunyonya unyevu.

Kwenye damu una haki ya kulalamika. Mashine nyingi za kupima wingi wa virusi ndizo zilizopewa sampuli za korona, na vitendanishi (kemikali za kupimia) vikaadimika. Sababu hiyo inaeleweka, ila virusi havisubiri: vinaweza kupanda miezi na miezi nawe hujisikii lolote. Mtu mzima aliyetulia hupimwa kila mwaka. Mjamzito na anayenyonyesha, kila miezi 6. Uliza sampuli ya mwisho ilichukuliwa lini na jibu lilikuwa nakala ngapi za virusi kwa mililita ya damu. Ukiambiwa "iko sawa", omba tarakimu. Chini ya 50, virusi vimefubaa. Zikiwa juu, hubadilishiwi dawa papo hapo. Kwanza utashauriwa juu ya umezaji, kisha upimwe tena baada ya miezi 3.

Mshauri uliyemkosa ndiye angekuuliza kama unameza vidonge vya madini ya chuma au dawa ya kiungulia yenye magnesi au alumini. Hizo huzuia dolutegravir, dawa nyingine iliyomo kwenye TLD, isifyonzwe vizuri. TLD imeze saa 2 kabla yake au saa 6 baadaye. Mweleze mfamasia hata asipokuuliza, na kama dirishani kuna masikio mengi, mwombe mzungumze pembeni.