Saladi ya Pasta Inayokauka na Spageti za Usiku

SWALI: Mambo vipi mpishi wetu? Saladi yangu ya pasta nikiitengeneza jioni inatoka safi, ila kesho yake nikiitoa kwenye friji imekauka, imegandana, haina ladha kabisa na chumvi niliweka! Naongeza mayonezi mpaka inakuwa kama uji. Nakosea wapi?

JIBU: Poa sana. Hiyo mayonezi iache kwanza, Waitaliano kwenye saladi yao ya pasta wanatumia zaidi mafuta ya zeituni. Shida yako nadhani inaanzia kwenye sufuria, maana pasta ikichemka bila chumvi ya kutosha hakuna utakachomwagia juu baadaye kikaingia ndani. Weka gramu 10 kwa kila lita ya maji, usiogope, nyingi unaimwaga na maji. Halafu inapopoa wanga wake unakaza, ndo maana pasta ya jana inakuwa ngumu, na kitu kikiwa baridi hata ulimi hausikii ladha vizuri. Kwa hiyo ukishachuja itandaze kwenye sinia pana, ipake mafuta ikiwa bado ya moto, geuzageuza mpaka ipoe ndo uweke friji. Nyanya, rehani na mozzarella (ile jibini laini nyeupe) subiri siku ya kula, nyanya ikikutana na chumvi inatoa maji na rehani inageuka nyeusi. Zeituni na jodari wa kopo hawana shida, walale humo humo. Itoe nje nusu saa kabla ya kula, onja, ongeza mafuta na siki kidogo. Na tumia pasta fupi kama fusilli (za msokoto), penne (vibomba) au farfalle (umbo la kipepeo), spageti kwenye saladi mi naona ni kujitesa tu.

SWALI: Mpishi, narudi nyumbani nimechoka hoi, nyama sina, sosi sina. Kuna pasta ya kupika hapo kweli?

JIBU: Ipo tena tamu, Waitaliano wanaiita aglio e olio, yaani kitunguu saumu na mafuta, basi. Watu wawili chemsha spageti gramu 200. Huku kwenye kikaango weka mafuta ya zeituni vijiko vikubwa 4, punje 3 za kitunguu saumu ulizokata nyembamba na pilipili kavu, anza mafuta yakiwa baridi na moto mdogo kwa sababu kitunguu saumu kikishaungua kinakuwa kichungu na hakirekebishiki, bora uanze upya. Kikianza tu kubadilika rangi zima moto. Spageti zitoe dakika 2 kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, zitupie kikaangoni na upawa mmoja wa yale maji zilizochemkia, washa tena, rusharusha kwa nguvu. Yale maji yana wanga, ndo unaoshikanisha mafuta na maji yanakuwa sosi nzito inayong'aa. Wengi wanayamwaga yote kwenye sinki, halafu wanalalamika pasta imekauka!

SWALI: Niweke mafuta kwenye maji ya kuchemshia ili zisishikane?

JIBU: Usiweke, yanaelea tu juu na ukichuja yanaipaka pasta, sosi inateleza. Koroga dakika 2 za mwanzo, hapo ndo zinaposhikana.