Saa kuukuu haihitaji uso mpya

SWALI: Assalaam alaikum fundi. Naishi Likoni, mchana niko ofisini, jioni nauza vitu kuukuu mtandaoni: saa, redio, vyombo vya zamani. Nanunua Kongowea na kwa majirani. Majuzi nilipata Seiko 5 ya otomatiki, ilikuwa ya mzee aliyefanya kazi Saudia. Uso wake ulikuwa umefifia na una madoa, na siku zimeandikwa Kiarabu na Kiingereza. Fundi mmoja wa mjini akanishauri aupake uso rangi ya chungwa, aipige polishi, aweke siku za Kiingereza tupu na aioshe mashine. Ikatoka inang'aa. Nikaiuza Nairobi kama saa ya asili, lakini mteja ameirudisha, anasema uso si wake na saa inakimbia. Je, tulikosea rangi? Na nitajuaje saa ni ya mwaka gani ili nipandishe bei?
— Msomaji, Likoni

JIBU: Wa alaikum salaam, mwanangu. Kwanza mrudishie mteja pesa zake zote, pamoja na gharama aliyotumia kutuma mzigo, kisha ndiyo tuzungumze. Yuko sawa kwa yote mawili. Swali la rangi sina jibu lake, kwa sababu hapakuwa na rangi ambayo ingefaa. Uso wa kiwandani ukishakwanguliwa umekwenda, na hakuna fundi wa Mombasa wala wa Tokyo atakayeurudisha.

Saa kama yako naletewa kila mara, inabadilika rangi tu. Jana ya chungwa, leo ya kijani kibichi, kesho ya samawati inayowaka. Anayeileta huwa ameshalipa, ameshauza, ameshagombana na mteja. Na nikimuuliza nani alimtuma, ananitolea methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Haya, lakini kizuri machoni pa nani? Mtu anayetaka saa mpya inayong'aa anajua duka lilipo, na huko atapewa na dhamana. Anayekutafuta wewe usiku kwenye simu anataka ile iliyokaa mkononi mwa mzee. Weupe uliogeuka rangi ya samli, akrabu zilizopauka, mikwaruzo ya kioo, hivyo ndivyo anavyolipia. Wewe umevifuta, tena kwa pesa yako, halafu ukamwuzia jina tupu.

Wanunuzi wa Seiko za zamani si watu wa kubahatisha. Nyuso za kupakwa wanazijua siku nyingi. Nyingi hutoka mafundi wa India, na wakusanyaji huzitaja kwa jina la mji wa Mumbai. Huitazama picha yako kwa kuikuza. Wanaanza na dirisha la siku na tarehe. La kiwandani lina kingo kali na safi, lakini uso ukipakwa, rangi hujaa pembeni ikafanya mdomo mnene. Kisha wanashuka chini kabisa ya uso, chini ya alama ya saa kumi na mbili yetu. Hapo kiwanda huandika maandishi madogo mno, yenye namba ya mashine, kwa mfano 7009, ikifuatwa na namba ya uso wenyewe. Kwenye uso wa kupakwa maandishi hayo hukosekana, au yamevimba hayasomeki, au yanataja mashine nyingine kabisa. Mwisho wanatazama herufi za jina, zimesimama sawa au zimenenepa upande mmoja. Kazi hiyo yote ni ya dakika moja, na mteja wako wa Nairobi bila shaka aliifanya alipoishika mkononi, maana nadhani picha zako zilipigwa kwa mbali.

Lililoniuma zaidi ni zile siku za Kiarabu. Seiko walitengeneza diski za siku zenye lugha mbili kulingana na soko, na za Kiarabu na Kiingereza zilikwenda Ghuba. Hapa pwani tunazo kwa sababu wazee wetu walifanya kazi Arabuni wakarudi nazo mkononi. Wewe una habari kwamba mwenyewe alikuwa Saudia, na saa yenyewe ilikuwa imebeba ushahidi wa habari hiyo dirishani. Fundi wako akautoa akaweka Kiingereza tupu, eti wateja hawasomi Kiarabu. Diski ile ina lugha zote mbili, mtu anachagua kwa kuzungusha! Sasa nenda kwake ukaidai. Mafundi hatutupi vipuri, iko ndani ya kopo fulani pale mezani kwake, na kuirudisha ni kazi ndogo.

Tuje kwenye kukimbia. "Kuosha mashine" kwa mafundi wa namna hiyo ni kuitumbukiza nzima kwenye petroli, kuipuliza, kisha kuidondoshea mafuta ya cherehani hadi ilie. Saa itatembea, naam, tena kwa furaha, siku mbili tatu. Ukifungua kifuniko unaona mafuta yametanda kila mahali, vumbi limeyanata, na ile springi nyembamba iliyojiviringa juu ya gurudumu linalocheza huku na huku, mizunguko yake miwili au mitatu imegandana. Springi ikigandana ni sawa na kuifupisha, na ikiwa fupi gurudumu hurudi haraka. Mashine kama 7009 hupiga mara 21,600 kwa saa moja, yaani mara 6 kila sekunde. Ikiongezewa haraka kidogo tu katika kila pigo, jioni mteja yuko mbele ya adhana.

Kuosha kwa haki ni kuifungua mashine yote, kipande kimoja kimoja, kuosha, kukausha, kuiunga tena, na kutia tone dogo sana la mafuta ya saa katika sehemu chache. Meno ya magurudumu hayatiwi kitu. Kazi hii inachukua muda na ina bei yake, na mara nyingine bei hiyo inazidi saa yenyewe. Hapo usiioshe. Iuze ilivyo na uandike: "inatembea, haijafanyiwa huduma." Kabla ya kulaumu mafuta lakini, mwambie fundi mwenye kifaa aiondolee sumaku kwanza. Spika, na vifuniko vya simu vyenye sumaku, hufanya springi hiyohiyo ishikane, na kuitoa ni kazi ya sekunde.

Na neno "inatembea" lisikudanganye. Kutembea mezani si uzima. 7009 haitiwi ufunguo, inajijaza kwa mwendo wa mkono, basi ivae siku nzima, ilaze usiku, uitazame asubuhi imepotea dakika ngapi. Siku na tarehe usizibadilishe kwa haraka kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Wakati huo meno ya kalenda yameshashikana, na ukilazimisha unavunja.

Mwaka. Geuza saa. Nyuma utakuta namba mbili: moja ya modeli, ambayo tarakimu zake nne za kwanza ni namba ya mashine, na nyingine ya mfululizo. Katika saa za miaka ya sabini na themanini namba ya mfululizo huwa na tarakimu sita. Ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Oktoba ni 0 au O, Novemba ni N, Desemba ni D. Kwa hiyo ikianza na 81 ni Januari ya mwaka unaoishia na 8, na hapo namba haikuambii ni 1978 au 1988. Mashine ndiyo inayokuonyesha muongo, kwa kujua ilianza kutengenezwa lini na ikaachwa lini. Naona matangazo ya "Seiko ya mwaka 1975" na nyuma imeandikwa 7S26. Mashine hiyo ilitoka 1996. Na anayekuuzia Seiko 5 ya miaka ya hamsini mwambie jina lenyewe lilianza 1963. Halafu kifuniko cha nyuma hufunguliwa, na kinachofunguliwa hubadilishwa, kwa hiyo linganisha namba ya kifuniko, ya uso na ya mashine yenyewe. Zikigombana, una saa iliyoungwa kwa saa tatu.

Lakini usitarajie mwaka upandishe bei peke yake. Seiko 5 zilitengenezwa kwa wingi mno, na uzee si uhaba. Kinachopandisha ni kila kipande kuwa chake. Bei usiitoe kwenye matangazo ya wenzako, maana anayetangaza elfu ishirini anaweza kukaa nayo hadi kiyama. Tafuta zilizouzwa, eBay inakuruhusu kuchuja uone zilizonunuliwa kweli, kisha punguza, kwa sababu mnunuzi wa Mombasa na Nairobi hana mfuko wa mnunuzi wa London.

Polishi ina hasara ileile. Bodi ya Seiko ina sehemu zilizosuguliwa kwa mistari na sehemu za kung'aa, na kati yake kuna ukingo mkali. Mashine ya polishi inaukula ukingo huo, masikio yanayoshika mkanda yanakuwa mviringo kama sabuni iliyotumika, na namba za nyuma zinafifia, zile zile unazohitaji kujua mwaka. Osha bodi peke yake, mashine ikiwa nje, kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki laini. Hasa pale chini ya mkanda ambapo jasho na chumvi ya hewa yetu hujificha na kula chuma. Inatosha. Kioo kikiwa cha plastiki, dawa ya meno na kitambaa vitaondoa mikwaruzo midogo, hilo sina ugomvi nalo. Kikiwa cha Hardlex, kile kioo kigumu cha Seiko wenyewe, usijichoshe, hakisuguliki hivyo.

Maandishi ya "WATER RESIST" ya nyuma yalikuwa kweli siku saa ilipotoka kiwandani. Mpira wa kifuniko umeshakuwa mkavu kama karatasi. Usiandike kamwe kwamba saa haiingii maji. Mtu ataogelea nayo Nyali ukamjibu.

Sasa hii ya kwako utaiuza tu, usiitupe. Piga picha juani, kwa ubavu, za uso, za nyuma, na mashine ikiwa wazi. Andika: "uso umepakwa upya, bodi imepigwa polishi, diski ya siku ni ya asili," hili la mwisho kama umeshairudisha. Yuko kijana atakayeipenda rangi ya chungwa kwa bei ya chini, na ataivaa kwa raha bila ugomvi. Uso wa kupakwa si haramu, haramu ni kuuita wa asili. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inahesabu maelezo ya uongo kuhusu ubora au hali ya bidhaa kuwa mwenendo usio wa haki, na ujumbe wako wa WhatsApp uliosema "ya asili kabisa" bado uko kwenye simu ya mteja. Jina la Seiko lililochapwa upya na mtu wa pembeni lina kesi yake nyingine, ya bidhaa bandia.

Ningekuwa naandika kuhusu saa peke yake ningeishia hapo. Ila ugonjwa umeenea. Video ni tele za kijana aliyevaa glavu, anakwangua kitu cha miaka themanini hadi kinafanana na cha jana, chini watu wanapiga makofi, na hakuna anayeuliza kiliuzwa kwa ngapi. Ukitazama hizo ndipo unakuta birika za shaba za Mji wa Kale zinasuguliwa kwa ndimu na majivu hadi nakshi zinalainika. Makasha yanapigwa msasa, njumu zake zinang'olewa na kuwekwa mpya zinazong'aa, kisha yanapakwa vanishi. Mwenye kasha anadhani ameongeza thamani. Mnunuzi anayejua anatazama ndani ya mtoto wa kasha na chini ya miguu, mahali pasipofikiwa na msasa, anaona mbao mbili za umri mbili, anaaga.

Na wewe unayesema unanunua kwa majirani, jihadhari na makasha, viti na vipande vya milango ya nakshi zaidi kuliko saa. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inahesabu kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, vitabu na hati vikitolewa; kufanya biashara yake au kukipeleka nje kunataka leseni na kibali. Dalali atakwambia ni mbao kuukuu tu, pakia. Jina litakalokuwa kwenye karatasi za mzigo ni lako, yeye hayumo. Pita Fort Jesus kwenye ofisi za makumbusho na picha zako, uulize kabla hujapokea hata shilingi ya mteja wa ng'ambo. Na kabla fundi yeyote hajakikwangua.