Greda imefukua vigae na ukuta wa matumbawe: fanya hivi

Ndugu yangu, unasema wewe ni msimamizi wa zamu kwenye upanuzi wa barabara karibu na Kilifi, greda imefukua vigae vya vyungu na kipande cha ukuta wa matumbawe, na mkandarasi anataka kazi iendelee. Simamisha mashine hapo leo hii. Zihamie sehemu nyingine ya barabara, kazi haitalala.

Tena msiokote kitu, hata kama ni kizuri namna gani. Kigae mkononi ni kigae tu. Kikiwa kwenye tabaka lake la udongo, jirani na mkaa na shanga, ndipo mtaalamu anaweza kujua ni cha enzi gani. Zungusha utepe, piga picha ukiweka rula kando, andika mahali na saa.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006 inampa mgunduzi siku 7 kuwaarifu Makumbusho ya Taifa. Peleka barua kwenye ofisi yao ya Fort Jesus, Mombasa, na nakala kwa mhandisi wa mradi. Baada ya hapo mkandarasi hawezi kusema hakujua.

Halafu ulizia machimbo ya murram. Watu hukagua njia ya barabara wakasahau kule udongo wa kujazia unakotoka, na huko ndiko uharibifu mkubwa hupita kimyakimya. Kuanzia Jumba la Mtwana hadi Mnarani na Gede, miji ya kale imefuatana kandokando ya barabara hiyohiyo. Ulichokiona huenda ni ukingo wa mtaa mzima.