Je, Ruzuku Huzaa Uvivu?

SWALI: Jirani yangu anadai kwamba ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, inawafundisha watu uvivu, na kwamba wazee walelewe na watoto wao. Je, ana haki? (Msomaji, Chamwino)

JIBU: Ndugu msomaji, undugu ni nguzo yetu, lakini mvua isiponyesha Ugogo, uwele hukauka kwa mama na kwa mwanawe msimu uleule, hata anayetakiwa kusaidia akakosa cha kutoa. Nimemwona bibi mmoja akifungua fundo la khanga, akahesabu noti zake mara mbili, kisha akamtuma mjukuu akanunue daftari kabla ya unga. Huo si uvivu.

Uingereza, ripoti ya mchumi William Beveridge ya mwaka 1942 ilifungua njia ya bima ya taifa na, mwaka 1948, huduma ya afya kwa wote, kwa kodi na michango ya wananchi wenyewe. Karibu zaidi, Zanzibar tangu 2016 huwalipa pensheni wazee waliotimiza miaka 70, bila kuuliza kama waliwahi kuajiriwa. Bara bado tunachagua kaya maskini mojamoja, na hapo ndipo wenye shida huachwa nje ya orodha. Kwangu mimi, mzee wa Chamwino anastahili haki hiyohiyo.