Tunda la nyota kwa mgonjwa wa figo

Dada, umeuliza kama mama yako, anayesafishwa damu hospitali ya Kiruddu, Kampala, anywe juisi ya tunda la nyota (karambola) apate vitamini C. Hapana, tafadhali, asile hata kipande. Lina kemikali ya oksaleti kwa wingi na sumu iitwayo karamboksini; figo nzima huitoa, figo mbovu hushindwa, nayo hushambulia ubongo. Mara nyingi huanza kwikwi isiyokoma, kisha kutapika, kuchanganyikiwa, degedege, hata kifo. Kama ameshakunywa, mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje siku yake ya kusafishwa.

Wewe mwenye figo nzima kula tu, gramu 100 zina kalori 31 hivi na vitamini C miligramu 34. Ila usinywe juisi nyingi tumbo likiwa tupu.