Dashibodi ya Datsun 240Z iliyopasuka: nilivyoichomoa na kuitengeneza hapa Mbeya

Mkuu, nimesoma swali lako. Una 240Z, lile gari dogo la michezo la Kijapani, ya marehemu mzee imelala Iringa chini ya turubai, dashibodi imepasuka sehemu tatu, na fundi rangi amekuambia ataijaza puti (ule udongo wa kuzibia bodi) humo humo ndani ya gari bila kufungua kitu. Unauliza kama ni sawa, na pia kama ile saa ya mshale pale katikati inaweza kufufuka. Nakujibu kwa yaliyonikuta mimi, maana fundi wako anaongea kama wa kwangu alivyoongea.

La kwangu ni la 1972, usukani kulia. Nilikubali puti. Fundi akajaza, akapiga msasa, akapuliza rangi nyeusi, likapendeza kweli. Nikashuka nalo Dar kwenye harusi, likashinda juani siku mbili vioo vimefungwa. Narudi, tukiwa tunapanda Kitonga, nasikia "ta!" kama kijiti kimevunjika. Puti ilikuwa imeachia upande mmoja na ufa umerefuka mpaka karibu na kioo.

Ujue kwanza hiyo dashibodi imeundwaje. Chini kuna fremu ya bati, juu yake sponji iliyomiminwa, halafu ngozi ya vinaili. Jua likipiga miaka na miaka vinaili inapoteza ulaini wake, inakakamaa na kusinyaa. Sponji nayo inakauka hadi ukiifikicha inakuwa unga. Sasa ngozi inavuta, haina pa kwenda, inapasukia palipo na mvutano mkubwa: juu ya vile vichuguu vya geji (vinundu vyenye shimo ambamo geji zinakaa) na katikati karibu na kioo. Wengi tunadhani baridi ya huku inatuokoa. Mbeya tupo kama mita 1,700 juu ya bahari, Iringa hamjapishana nasi sana, na jua la juu huku ni kali kuliko joto unalolisikia mwilini. Puti ya bodi imetengenezwa kwa ajili ya bati, ikikauka ni jiwe. Ukiibandika kwenye kitu kinachotanuka mchana na kusinyaa usiku, itaachia tu. Kwa hiyo mwambie fundi wako hapana.

Dashibodi itoke nje. Na usiitoe Juni wala Julai. Asubuhi ya baridi plastiki za miaka hamsini zinakatika kama biskuti. Mimi nilisubiri Oktoba, na bado kila siku nililiacha gari juani saa nzima kabla ya kugusa chochote.

Toa betri kwanza. Sisemi uzime swichi, nasema terminali ya hasi itoke kabisa. Kwenye 240Z geji ya ampea inapitisha umeme wa chaji moja kwa moja, ina waya mnene nyuma yake usiopita kwenye swichi ya ufunguo. Kijana aliyekuwa ananisaidia aligusisha spana pale betri ikiwa bado imefungwa. Cheche ilitoka nyeupe, na ile waya ya usalama kule mbele ikayeyuka. Tulikuwa na bahati iliyeyuka hiyo na si nyaya zote.

Toa viti vyote viwili, utanishukuru mgongo ukianza kuuma. Usukani una nati kubwa moja. Ilegeze lakini iache imeshika nyuzi mbili tatu ndipo uvute, la sivyo usukani utakuja na kukupiga mdomoni. Kisha makava ya shingo ya usukani, swichi za taa na waipa, halafu bolti zinazoibeba shingo yenyewe ili ishuke ilale. Konsoli ya katikati, redio, paneli ya hita, sanduku la glavu. Kebo ya spidi mita inafunguliwa kwa vidole kwa nyuma, usiishike na plaizi.

Hapo kwenye nyaya ndipo utulie. Piga picha kila soketi kabla ya kuichomoa, na kila waya uvalishe kipande cha karatasi ya gundi chenye namba. Mimi nilijiamini nikaandika nusu tu. Siku ya kurudisha, gari likawa linapiga stata vizuri ila haliwaki. Nikatoa plagi, nikasafisha pointi, nikabadilisha koili, siku mbili nimepoteza. Kumbe kwenye gari hili umeme wa koili inayowasha plagi unapita ndani ya takomita, geji ya mizunguko ya injini, kwanza! Soketi ya takomita ilikuwa inaning'inia tu nyuma huko. Nilipoichomeka, mara moja likanguruma. Fundi umeme wa pikipiki tu ndiye aliyeniuliza, "Bosi, hiyo geji ya mizunguko imeunganishwa?" Nilimnunulia chipsi mayai.

Dashibodi yenyewe imeshikwa na skrubu zilizojipanga chini ya kioo cha mbele, bolti za pembeni karibu na milango, na vishikio vya katikati. Zile za chini ya kioo zitakutesa kwa sababu bisibisi ndefu haiingii, tafuta fupi kabisa. Ukishamaliza, muwe wawili: vuteni nyuma taratibu na ipite mlango wa abiria. Ikikataa msilazimishe. Kuna skrubu mmeisahau, ipo tu.

Ukiiweka mezani utaiogopa. Usiogope. Iosheni kwa sabuni na maji, ikauke, halafu ifutwe kwa spiriti zaidi ya mara moja. Ile dawa ya kung'arisha dashibodi wanayouza vijana kwenye foleni ina silikoni, na hakuna gundi wala rangi inayoshika juu ya silikoni. Yangu niliifuta mara nne na kitambaa bado kilikuwa kinateleza.

Kingo za ufa zimejikunja juu kama midomo. Hizo usijaribu kuzishindilia chini, zitarudi. Zikate kwa wembe mpaka ziwe chini kidogo ya usawa, toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia, kisha chimba sponji iliyooza mpaka ukutane na nzima. Shimo refu nililijaza kwa lile povu la kopo mafundi wa aluminiamu wanalozibia fremu za madirisha. Linavimba, kwa hiyo weka kidogo, kesho yake ulikate kwa kisu. Juu yake nikapaka kijazio laini cha kuzibia bampa za plastiki, tabaka nyembamba tatu, msasa namba 80, kisha 180, nikamalizia na 320. Kipimo ni kiganja: funga macho upitishe mkono. Mkono ukikwama kidogo tu, jicho nalo litapaona jua likipiga.

Hapo una njia mbili. Moja ni kupuliza rangi ya vinaili, ila ile michoro kama ngozi itakuwa imepotea pale ulipojaza. Nyingine ni kuivalisha ngozi bandia mpya. Kuna na mifuniko ya plastiki ya kuagiza nje unayoibandika juu ya dashibodi ya zamani. Siipendi, inanenepesha vichuguu vya geji na gari linapoteza sura. Mimi niliivalisha, na kazi ile sikuiweza mwenyewe. Nilimpelekea fundi siti wa Mwanjelwa, mzee anayeshona siti za Coaster. Aliizunguka dashibodi nusu saa bila kusema neno, akibonyeza kwa kidole gumba ndani ya vichuguu. Halafu akaniambia ngozi niliyonunua nirudishe dukani, haivutiki. Akashika kipande chake, akavuta kwa urefu, kwa upana, kwa mshazari. "Hii ndiyo inaingia shimoni."

Na kweli alianzia shimoni. Mtu mwingine angeanza juu palipo tambarare akimalizia kwenye geji, na gari likikaa juani ngozi ingejivuta na kuacha pengo mle ndani. Yeye alipaka gundi pande zote mbili, akasubiri mpaka ikigusa kidole hainati, akaibonyeza ngozi ndani ya kichuguu cha kwanza kwa kitako cha kijiko cha mbao, hewa ya moto kidogo, bonyeza tena, ndipo akatoka kwenda nje. Siku nzima kwa vichuguu viwili vikubwa na vile vitatu vya katikati. Gundi usikubali ya viatu. Juu ya dashibodi ya gari lililofungwa juani panaweza kupita nyuzi joto 70, na ya viatu inalainika. Ulizia inayovumilia joto.

Wakati kuko wazi hivyo, badilisha mipira ya maji ya hita na uangalie koki yake, maana hukojoa maji kwenye zulia. Na uweke rilei (swichi za umeme za kubeba mzigo) za taa kubwa: kwenye gari hili umeme wote wa taa unapita kwenye swichi na kisanduku cha fyuzi, ndiyo maana vingi utavikuta vimeyeyuka. Mimi nilifanya yote hayo, nikasahau bomba la kupeleka hewa ya moto kwenye kioo. Nimeligundua Isyonje, njia ya Tukuyu, ukungu umeshuka na kioo kimejaa mvuke, mke wangu anafuta kwa khanga huku mimi naendesha nimetoa kichwa dirishani. Kulirudisha bomba lile ilibidi nifungue tena nusu ya kazi.

Gari ni aina ile ile iliyoshinda mbio za Safari Rally za Afrika Mashariki za 1971 na 1973, kwa hiyo ubovu wa barabara ya kwenu kijijini usikutie hofu. Likija kutikisika na dashibodi ikalia "kwi kwi", weka vipande vya fulana nene kati ya fremu na vishikio vyake kabla ya kukaza.

Kuhusu ile saa: inaweza kupona ikiwa tatizo ni grisi iliyogeuka ulimbo ndani. Fundi saa wa mtaani anaifungua na kuisafisha. Ya kwangu ilisafishwa, ikatembea mpaka nilipofika nyumbani, ikasimama. Ni saa nne na dakika kumi mpaka leo.