Barua kwa Mwanangu: Wale Wawili wa Jumapili

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ile picha uliyonitumia nimeitazama hadi chai ikapoa. Unauliza kama yule bwana anayechochea moto na yule bibi aliyesimama dirishani wamepeana mgongo kwa ugomvi, au ndiyo mapumziko yao ya Jumapili.

Hawajagombana, nionavyo mimi. Waliogombana husikilizana hata wakinuniana. Kila mmoja anangoja mwenzake atamke kwanza. Hawa hawangojani, na hilo ndilo linaloniuma.

Mchoraji Mfaransa Paul Signac aliianza picha hiyo 1888, akaimaliza 1890, akaiita Jumapili. Alizaliwa Paris katika nyumba ya wenye biashara na uwezo, kwa hiyo vyumba vya namna ile, na zulia lake na mapazia yake, si vitu vya kuhadithiwa. Lakini moyo wake ulikuwa kwa wale waliotaka jamii hiyo ya wenye uwezo ivunjwe ijengwe upya. Siku za kazi mume ana pa kwenda, mke ana la kushika. Jumapili inawafungia ndani, ndipo inapojulikana kwamba hawana la kuambiana. Hata paka yuko peke yake.

Umesema zile nukta za rangi zilizoijaza picha zinakuchosha macho. Signac na rafiki yake Georges Seurat hawakutaka kuvuruga rangi pamoja hadi zififie. Waliziweka doa kando ya doa, bluu ichangamshe rangi ya chungwa, kazi ya kuunganisha wakaliachia jicho. Ni kazi ya polepole mno, na watu wake hutulia kama waliogandishwa. Ile Jumapili ya Seurat uliyoiona Chicago, ya watu kisiwani, si uliniambia wamesimama kama sanamu? Lakini kule kuna mto na jua, mtu husamehe. Signac kauleta ukimya uleule sebuleni.

Najua pia swali lililo chini ya swali lako. Ndiyo, Jumapili mchana mimi na baba yako hatukusemezana sana. Yeye na redio yake, mimi na cherehani yangu, na mara nyingi alinipa mgongo. Ila jua lilipohama alikihamisha kiti chake, asije akanikingia mwanga kwenye kitambaa. Sikumwomba hata siku moja.

Mama yako